Mama Prefe na Sauti Aliyoifungia

Mwaka huu Mama Prefe alikuwa akitafuta sauti ya mtu aliyekufa. Aliifungia yeye mwenyewe, kwa sahihi yake, wakati mwenye sauti alikuwa bado hai na anakunywa chai yetu ofisini, na sasa ufunguo haukuwa kwake wala kwa mtu yeyote tunayemjua. Sijui kama nilimhurumia. Tangu mji ulipoingia mikono mingine kwa vita, mambo hunifikia kama yanavyomfikia mtu aliyevaa kofia ya pikipiki: naona midomo inatembea, najua kuna kelele, lakini kelele yenyewe imebaki nje.

Kwetu Goma prefe ni mkuu wa shule ya sekondari. Yeye aliacha kuwa prefe zamani. Alitoka kwenye shule ya mbao kule Ndosho, nilikosomea mimi, akaenda kuongoza kituo cha kompyuta cha chuo kikuu. Kampuni moja ya simu ikamchukua awe mkubwa wa mambo yake ya elimu. Mwishoni akakaa katikati ya hao wote watatu, shule na chuo na kampuni, akiwavuta waende njia moja. Jina halikuhama. Mlinzi wa kampuni alimwita Mama Prefe. Wakurugenzi waliotoka Kinshasa kwa ndege walianza asubuhi kwa "Madame la Directrice", na kabla ya chakula cha mchana nao walikuwa wanasema Mama Prefe, bila kujua wameanza lini.

Ni mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea mawe ya volkano: hata juu ya vigae vya ofisi ya kampuni alikuwa akiinua mguu kupita ilivyohitajika. Hakuweza kuiacha kibodi ya mtu. Akiingia ofisini kwako, kabla ya salamu, aliipindua kibodi yako, akaigonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, na vumbi letu jeusi lilimwagika mezani. "Ona vile unakula," alikuwa akisema. Kisha ndiyo salamu.

Alikuwa na desturi ambayo walimu waliichukia. Ukimwonyesha somo ulilotayarisha kwa kompyuta, alikaa nyuma na wanafunzi, akasikiliza vizuri, akaandika. Ulipofika katikati, pale ulipoanza kujiamini, alisimama polepole, akaenda ukutani, akakata umeme. Alirudi kukaa, akakutazama. Ulipaswa kuendelea. Mwalimu aliyeweza kumaliza somo lake gizani alipewa mashine. Aliyebaki amesimama akingoja taa aliambiwa arudi mwezi ujao. Alifanya hivyo kwa walimu wa Ndosho, akafanya hivyo kwa wahadhiri wa chuo kikuu waliosomea Ubelgiji, na siku moja, mbele ya wageni, akamfanyia hivyo mkubwa wa masoko wa kampuni yake mwenyewe. Yule bwana alibaki ameshika kidude cha kubadilishia picha, akikibonyeza na kukibonyeza.

Kitu kilichomkasirisha kupita vyote kilikuwa mashine mpya. Nilisafiri naye mara moja hadi kwenye shule moja upande wa Masisi, iliyokuwa imepewa kompyuta mwaka mzima uliopita. Prefe wa pale alitupokea kwa furaha.

"Prefe, mashine ziko wapi?"

"Ziko salama, Mama."

"Salama wapi?"

"Mu depo. Hata nailoni hatujatoa. Hakuna mutoto amezigusa."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja! Bageni bakikuja, batazikuta mupya kabisa."

Alikuwa akisema kweli, na kwa fahari. Ufunguo wa depo, yaani stoo, ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba ya kiatu. Mama Prefe aliomba kisu cha jikoni, akaingia depo, akakaa chini kwenye sakafu ya saruji na kitenge chake kizuri, akaanza kupasua nailoni. Aliwaita wasichana waliokuwa wakifagia uwanja.

"Kujeni mushike. Na mikono."

"Mama, zitaharibika!" prefe alilia.

"Ziharibike na batoto, prefe. Zisiharibike na panya."

Nilidhani basi namjua: mtu anayefungua. Chuo kikuu pia walimjua hivyo. Pale maprofesa walikuwa wakiwauzia wanafunzi masilabo yao, yale madaftari ya masomo yaliyochapwa, na asiye nalo alijua mwenyewe jinsi atakavyofanya mtihani. Yeye aliyaweka yote kwenye kompyuta za kituo, kila mtu asome. Profesa mmoja mwenye tumbo na kipaza sauti chake mwenyewe alisimama uani akapiga kelele: "Huyu mama wa sekondari anataka kutuvua nguo!" Mama Prefe alikuwa amekaa kwenye ngazi anakula karanga. "Prof," alimwambia, mdomo umejaa, "vaa zingine." Wanafunzi walicheka wiki nzima. Profesa naye mwisho alicheka, maana masilabo yake yalianza kusomwa hadi Butembo, na watu wakawa wanamsalimia kwa jina sokoni.

Kwenye kampuni alikuwa na swali moja tu. Mainjinia walichora minara, nyaya, masanduku, mishale ya rangi. Yeye alingoja wamalize, akauliza: "Mutoto iko wapi mu hii?" Kila kikao. Injinia mmoja, mtani, alichoka, na mara iliyofuata akachora mtoto mdogo chini ya mnara, mwenye kichwa kama chungwa. Mama Prefe alivaa miwani, akatazama.

"Uyu hana viatu."

"Mama?"

"Mumupe viatu."

Tangu siku ile michoro yote ya kampuni ilikuwa na mtoto chini kabisa, na mtoto alikuwa na viatu.

Hakuwa mpole. Alichukua magari ya watu, kumbi za watu, Jumamosi za watu. Alinichukua mimi pia, nilipokuwa na riwaya nusu na sina kazi, akaniweka niandike upya masomo ya walimu ili yasomeke kama mtu anaongea. Nilimwambia mimi ni mwandishi wa hadithi. Alisema hata hesabu ina mtu anayeondoka nyumbani na mtu anayemngoja.

Ndivyo nilivyomjua mwalimu wa hesabu, mwenye ile sauti. Mpango ulikuwa huu: chuo kitoe mitihani na wasahihishaji, shule zitoe walimu wazuri, kampuni itoe masanduku. Sanduku lenyewe lilikuwa dogo kama la viatu. Uliliweka ofisini kwa prefe, nalo likagawia tableti za darasa zima masomo yaliyorekodiwa, bila intaneti. Shule nyingi za Rutshuru hazikuwa na mtu wa kufundisha hesabu mwaka wa mwisho. Sasa zilikuwa naye, kwenye sanduku.

Tulimrekodia katika chumba tulichokitandika magodoro ukutani. Mvua ikianza kupiga mabati, kazi ilisimama, na tulikaa tumezungukwa na magodoro kama watu walioanguka kwenye kitanda kikubwa. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye asili ya Rutshuru, mwenye vidole vilivyokauka kwa chaki. Mbele ya kipaza sauti ukimya ule ulimtoka. Kila alipomaliza hatua ya hesabu aliuliza, "Haya, tuendelee ao tubakie?" akanyamaza kidogo, kama vile kuna mtu atakayemjibu. Na walijibu. Nilikaa mara moja nyuma ya darasa barabara ya Rutshuru, nikawasikia wanafunzi wakiipigia tableti kelele: "Tubakie!" Sauti iliendelea. "Mwalimu, tumesema tubakie!" Msichana mmoja aliirudisha nyuma kwa kidole, na mwalimu akabaki.

Kisha masomo yakaonekana Ndosho, kwenye vibanda vya kunakili. Kila mtu hapa anavijua: unapeleka simu yako, mwenye kibanda anakujazia nyimbo, filamu, mahubiri, chochote. Mwenye kibanda kimoja cha mbao za bluu alikuwa ameweka masomo yetu kati ya filamu za Nigeria na maombi ya asubuhi. Yalikuwa yamekatwa vibaya, hayana mazoezi, na kila baada ya muda sauti yake mwenyewe ilipasuka katikati ya hesabu ikitangaza kibanda chake. Mama Prefe aliposikia alikasirika. Nadhani hakukasirikia wizi. Alikasirikia ile kelele juu ya kazi safi.

Mwanasheria wa kampuni alikuja na wazo la kufuli: kila mwaka wa shule, kila sanduku liombe ufunguo kutoka kwenye mitambo ya kampuni, lisipoupata, lifunge kila kitu. Wa chuo walisita. Wa shule hawakuulizwa. Mama Prefe aliuliza kama kufuli lenyewe ni gumu, akaambiwa linaweza kufanywa gumu, akasema lifanywe gumu. Akatia sahihi. Siku hiyo hakuuliza mtoto yuko wapi.

Kwenye kibanda alikwenda mwenyewe, na watu wa kampuni, wakachukua kompyuta ya yule bwana.

"Unaibia batoto," alimwambia.

"Mama, nabaibia namna gani na mi njo nabagawia?"

Mama Prefe aligeuka, akapanda gari.

Vita vilifika, na sitaeleza vita. Kampuni ilifunga mageti na wakubwa wake wakaondoka. Mwalimu wa hesabu alikufa kwenye kiwanja chake asubuhi, ameshika ndoo, kwa risasi iliyotoka mahali ambapo hakuna aliyepajua. Nilipigiwa simu nikiwa nakaanga yai. Nilimaliza kukaanga. Nikala.

Shule zilipofunguliwa tena, masanduku yaliwaka taa yakaomba ufunguo. Kwenye tableti kulikuwa na mstatili mweupe na sentensi ya Kifaransa inayomwambia mtumiaji awasiliane na mtoa huduma. Picha za ule mstatili zilianza kuingia kwenye simu ya Mama Prefe kutoka kila barabara. Alipiga simu Kinshasa. Kampuni ilisema mkataba ni wa chuo. Chuo kilisema mitambo ni ya kampuni. Ofisi ya shule ilisema hayo ni mambo ya chuo na kampuni. Nilikaa mbele yake nikimsikiliza akiwaita wale watu mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao, watu aliowakutanisha yeye, walioshikana mikono mezani kwake, na kila mmoja akimwelekeza kwa mwingine kwa heshima kubwa. Aliwapelekea vijana wa chuo sanduku moja walivunje kufuli. Walihangaika nalo hadi wakachoka, wakalirudisha.

"Mulichagua kufuli nzuri, Mama," mmoja alimwambia. Hakuwa anamcheka. Alikuwa amelipenda.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mafinaliste, walikuwa na mtihani wa taifa, Egzeta, mbele yao. Na wiki hizo ndipo mjane wa mwalimu alipokuja ofisini, amevaa nguo nyeusi zilizofifia, amekaa ukingoni mwa kiti.

"Mama Prefe, nimekuja kuomba sauti."

Hatukuelewa.

"Simu yake walikamata. Yangu ilipotea mu kukimbia. Siko na kitu. Batu banasema ninyi muko naye mu masanduku."

"Hakuna hata moja uliyorekodi nyumbani?" niliuliza.

"Nyumbani alikuwa mutu wa kunyamaza," alisema. "Maneno yote alileta kwenu."

Mama Prefe aliwasha tableti, akamwonyesha ule mstatili mweupe. Mjane aliutazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa mgeni. Akauliza kama anaweza kurudi siku nyingine.

Sikuonana na Mama Prefe kwa muda baada ya hapo. Ofisi haikuwa na mishahara wala kazi, kila mtu alibaki kwake. Kisha siku moja nikiwa kwenye moto, pikipiki ya abiria, kule Ndosho, nikamwona amekaa juu ya kreti la bia mbele ya kibanda cha mbao za bluu. Nilimgonga dereva begani, nikashuka.

Mwenye kibanda alikuwa na kompyuta nyingine, kuukuu, na alikuwa anafurahi bila kujificha.

"Mama Prefe! Nifunge ao nikimbie?"

"Bakia. Uko nayo?"

"Niko na nini?"

"Masomo. Ya hesabu."

"Yale ulikamataka na mashine yangu?"

"Yale."

"Ulikamata mashine, Mama. Hukukamata shemeji yangu wa Bunagana. Nilimutumiaka kila kitu, akanirudishia." Alicheka, akapiga paja. "Pale mupaka, kila mutoto wa mudouanier, mutu wa forodha, anajua hesabu."

"Yote iko?"

"Yote. Unataka na filamu?"

Mama Prefe alichomeka kidude chake cha kunakilia, akachagua somo moja ili asikie. Sauti ikatoka kwenye spika iliyopasuka: "Haya, tuendelee ao—" na juu yake, kwa nguvu, sauti ya mwenye kibanda ikitaja kibanda chake na mtaa wake.

"Uko na kelele mingi," Mama Prefe alisema.

"Njo publicité, Mama. Matangazo."

Alisubiri hadi yote yakanakiliwa. Aliniambia tu, "Twende," na hatukwenda ofisini. Tulipita vichochoro hadi nyumbani kwa mjane, nyumba ya mbao juu ya mawe meusi, maharage yakichemka nje. Mama Prefe aliweka spika ndogo juu ya stuli, akawasha, akakaa.

Mjane alisikiliza hesabu. Hakusoma kufika huko, alituambia baadaye, hakujua sinus ni nini. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, somo baada ya somo, hata zile kelele za kibanda, bila kuonyesha kitu usoni, na mimi vilevile. Maharage yalianza kuungua na hakuna aliyeinuka. Katika somo la sinus na kosinus mwalimu alisimama katikati ya hatua akakohoa, muda mrefu, akaomba maji. Nilikumbuka niliyempa ni mimi. Tulipaswa kukata kipande kile, tukasahau, na yule wa kibanda asingejisumbua.

"Rudisha," mjane alisema.

Mama Prefe alirudisha. Kikohozi. Maji.

"Hapa alikuwa na malaria. Nilimuambia asiende." Alikuwa akiitazama spika. "Akasema Mama Prefe anangojea."

Mama Prefe alifuta kioo cha simu yake kwa kitenge, upande mmoja, upande wa pili. Kisha akaongea kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake shuleni, chuoni wala kwenye kampuni, na ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa anaomba.

"Mama, batoto ba Rutshuru beko na Egzeta. Unaniruhusu niwapelekee sauti ya bwana yako?"

Mjane alifikiri.

"Upeleke," alisema. "Lakini hii ya homa, uniachie."

Nilitaka kusema kitu. Ndilo somo ambalo mtihani hauliachi hata mwaka mmoja. Mama Prefe alijua kuliko mimi. Alinakili somo lile kwenye simu mpya ya mjane, ndogo, ya bei rahisi, akamwonyesha pa kubonyeza, akamfanya abonyeze mwenyewe. Kisha akalitoa kwenye kidude chake, na simu yake ilipomuuliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo.

Tulikuwa bado tumekaa pale simu yake ilipoita. Alikuwa prefe mmoja wa Rutshuru, anayepaza sauti ili mtandao umsikie.

"Mama Prefe! Banasema umepata masomo?"

"Nimepata. Kesho asubuhi yako mu minibus."

"Mungu ni mukubwa! Yote?"

"Yote. Inabakia moja."

"Ipi?"

"Sinus na kosinus."

"Mama! Ile njo inakujaka ku Egzeta!"

"Najua."

"Sasa tufanye namna gani?"

"Ulifundishaka hesabu kabla ya kuwa prefe."

Upande wa pili jogoo aliwika.

"Mama, nilisahau yote."

"Basi anza leo," alisema, "uko na chaki," akakata simu, akainuka kumsaidia mjane kuepua maharage.